Ufunguo wa zahanati uko dukani kwangu: barua ya wazi kwa wanaosimamia masuala ya diaspora

Kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Masuala ya Diaspora,
Kwa Katibu wa Idara ya Masuala ya Diaspora,
Kwa magavana wa kaunti zetu za eneo la Ziwa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Mimi ni mama mwenye duka, wakala wa M-Pesa kwa miaka kumi na mitatu, na mweka hazina wa kikundi cha watu wa kwetu ambao wengi wao wako ng'ambo. Barua hii nimeiandika kwa vipande. Mteja akiingia naiacha, akitoka naishika tena, kwa hiyo mkiona inarukaruka mnivumilie.

Floti yangu ina kalenda yake. Wa Marekani wengi hulipwa Ijumaa, kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nakuta kina mama wamekaa kwenye benchi la nje kabla sijafungua. Wa Ghuba hulipwa mwisho wa mwezi, wakilipwa. Mama anatoa simu iliyofungwa kwenye pindo la leso, ananinyooshea: "Mwanangu, hebu niangalilie kama imeingia." Naangalia. Ikiwa imeingia naona uso wake ukilegea. Ikiwa haijaingia ananunua chumvi ya shilingi ishirini ili isionekane amekuja bure, anarudi nyumbani.

Hizo ndizo dola mnazozisoma kwenye hotuba. Benki Kuu ilisema mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma dola bilioni 4.19, na mwaka 2024 zikapanda hadi bilioni 4.94, yaani zaidi ya shilingi bilioni 600. Nawasikia mkisema zimepita chai, zimepita watalii. Ni kweli, na nawapongeza waliozituma. Mimi lakini naziona zikiwa zimeshakatwakatwa: elfu nne za karo, elfu mbili za dawa za presha, elfu tatu na mia sita za SHA, bima ya afya ya serikali, ya mzee maana asiye na mwajiri hudaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, elfu moja ya matanga ya mtu ambaye aliyetuma hamkumbuki hata sura. Kinachobaki baada ya hapo ndicho ninachotaka kuwazungumzia, kwa sababu ndicho mnachokiita mchango wa diaspora katika maendeleo ya taifa. Kwetu kilibaki, tukajenga zahanati. Imekamilika. Imefungwa kwa kufuli. Ufunguo wake umening'inia kwenye msumari nyuma ya droo yangu ya pesa.

Nieleze ilivyokuwa.

Nimeolewa upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Ukitoka hapa Kisumu unapita Kisian, unapita Maseno, unashuka Luanda sokoni, kisha unashika boda. Mvua ikinyesha boda haifiki. Mwaka 2018 mama mmoja jirani yetu alijifungulia njiani, chini ya mwavuli wa muuza ndizi. Mtoto yuko, anasoma, ni mtundu kabisa. Habari hiyo ilisafiri kwenye WhatsApp usiku huohuo, na asubuhi shemeji yangu aliye Minneapolis akaandika maneno matatu tu kwenye kikundi: "Tujenge kitu wenyewe."

Tulianza 2019 na watu thelathini na mmoja. Wengi wako Marekani na kazi yao ni ileile, kuwageuza na kuwaogesha wazee wa watu kwa zamu za usiku. Yuko dereva wa lori Texas. Yuko bawabu Doha. Wako wauguzi wawili Uingereza. Na yuko binti wa Jeddah, msaidizi wa nyumba, ambaye alituma shilingi mia tano kila mwezi bila kukosa, hata miezi ile tuliyojua mshahara wake umeshikwa. Katika daftari langu jina lake nimeliandika la kwanza. Dereva wa lori aliuliza kwa nini, nikamwambia mwenye daftari ni mimi.

Watu hudhani kazi ngumu ni kuchangisha. Kazi ngumu ni kuaminika. Kila mtu wa majuu ana hadithi ya kaka aliyetumiwa pesa za nyumba miaka mitano, akawa anatuma picha za nyumba ya jirani, na mwenyewe alipotua akakuta nyasi. Hilo ni letu, halina uhusiano na serikali, na sitawasingizia. Ndiyo maana tuliweka masharti yetu. Kila mfuko wa saruji ulipigwa picha ukiwa mzima, na tena ukiwa mtupu. Fundi hakulipwa mpaka watu wawili wawe wamesimama pale na simu ya video imewashwa. Mkutano ni Jumapili saa tatu usiku: Minneapolis ni mchana, Uingereza ni jioni, Doha na Jeddah saa ni sawa na zetu. Mchanga uliibwa mara moja, toroli nne, na tulijadiliana toroli hizo nne kwa saa mbili nzima, watu wakiwa mabara manne.

Ilituchukua miaka mitatu na shilingi milioni tatu na laki nane. Vyumba vinne, kimoja cha kujifungulia, tangi la maji la lita elfu kumi, vyoo viwili, na sehemu ya kungojea yenye paa. Novemba 2022 fundi alikabidhi. Tulichinja ng'ombe, mchungaji akaomba, na kiongozi mmoja aliyealikwa akaja akahutubia kana kwamba saruji aliichanganya yeye.

Kisha tukaenda kuomba muuguzi.

Sitaitaja afisi tuliyoenda, na sitamtaja afisa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alitutilia chai. Mara ya kwanza alituuliza hati ya shamba. Tukasema mzee fulani alitoa kipande hicho kwa moyo mweupe, mbele ya chifu, tukapiga picha. Akatabasamu. Hati ilikuwa bado kwa jina la babake mzee huyo, marehemu wa tangu miaka ya themanini. Mara ya pili, tukiwa tumeshaanza kesi ya urithi, akatuambia zahanati yetu haimo katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, na isiyokuwa kwenye mpango haiwezi kupata bajeti, isiyo na bajeti haiwezi kupata mtumishi. Mpango ulipokuwa ukitayarishwa kulikuwa na vikao vya maoni ya umma. Kwa nini hatukuja? Nilimwangalia tu. Wenye zahanati walikuwa zamu za usiku Minnesota. Na sisi tuliokuwa hapa tulikuwa tunahesabu mifuko ya saruji.

Mara ya tatu alisema ukweli mtupu: hata karatasi zote zikikamilika, mishahara imemeza pesa, wauguzi hawaajiriwi.

Tulitoka, tukakaa chini ya mti mbele ya afisi hiyo, na mzee mwenyekiti wetu akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. "Tuna wauguzi wawili kwenye kikundi," akasema. "Wako Uingereza." Hakuna aliyecheka.

Waheshimiwa, mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wetu wakafanye kazi huko. Nilikuwa na furaha kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu wasichana hawa walimaliza mafunzo wakakaa nyumbani, mmoja alikuwa akiuza mitumba hapa Kibuye huku cheti chake kiko ukutani. Kwenda kumemwokoa. Lakini tazameni mzunguko wenyewe: kaunti haikuwa na pesa ya kumwajiri, akaenda kuwauguza wazee wa watu, akatuma sehemu ya mshahara wake tukajenga chumba cha kujifungulia, na chumba hicho hakina muuguzi kwa kuwa kaunti haina pesa ya kumwajiri. Mtu mmoja amelipia jambo lilelile mara mbili na bado halijapatikana.

Mtaniambia huu ni ugatuzi, afya ya zahanati ni ya kaunti, diaspora ni ya serikali kuu, kila mtu abebe mzigo wake. Naijua Katiba. Ndiyo sababu barua hii nimeiandikia ninyi nyote kwa bahasha moja. Katikati ya mizigo yenu kuna pengo, na zahanati yetu imetumbukia humo humo.

Pengo hilo halikuwapo siku zote, au halikuwa pana hivi. Watu wa magharibi si wageni wa kusafirisha mtoto na kumngoja. Mwaka 1959, Tom Mboya wa Rusinga alipopeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi Marekani, vijana themanini na mmoja, nyuma ya wengi wao kulikuwa na vijiji vilivyochanga, vilivyouza ng'ombe, vilivyofanya karamu ya kuchangisha. Mtoto wa mmoja alikuwa shamba la wote. Wakarudi wengi, nchi ikapata makatibu na walimu na madaktari. Kisha ikaja miaka ya harambee. Shule za sekondari za harambee zilitapakaa kila kata: wananchi wakaleta mawe na mabati, na serikali, kwa zile ilizozikubali, ikaleta walimu. Chuo cha WECO pale Kakamega kilianzishwa 1972 kwa michango ya watu wa Magharibi, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hapa Kisumu, Taasisi ya Ramogi ilitokana na michango ya wananchi katika miaka hiyohiyo.

Si zote zilizofaulu. Ziko shule za harambee ambazo hazikupata mwalimu wa serikali hata mmoja, zikafundishwa na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Mamangu alisoma katika moja ya hizo, na mpaka leo hesabu za sehemu zinamsumbua. Lakini angalau masharti yalijulikana kabla ya jiwe la kwanza: ninyi mkileta hiki, sisi tutaleta kile. Leo mchangaji amehamia Texas, pesa inafika kwa sekunde tatu, lakini upande wa pili wa makubaliano yale hakuna mtu.

Mexico waliliona pengo hili. Watu wa jimbo la Zacatecas waliokuwa wakifanya kazi Marekani walikuwa na vyama vyao vya vijiji, kama sisi tu, wakitengeneza kanisa, barabara, visima. Serikali ikaamua kwamba kila peso moja ambayo chama cha wahamiaji kitaleta, manispaa itaongeza moja, jimbo moja, na serikali kuu moja. Kuanzia 2002 ukawa mpango wa nchi nzima, wakauita tatu kwa moja. Ulikuwa na kasoro. Kijiji kisicho na watu Marekani kilibaki mikono mitupu, na wanasiasa walijua kuuvuta upande wao. Sisi hatuhitaji kuiga kasoro. Ninachokitamani mimi hapo hata si zile peso tatu za nyongeza. Ni kwamba ili manispaa itie peso yake, lazima ikae mezani na wenye mradi kabla ya msingi kuchimbwa. Afisa yule mwema wa chai angetuuliza habari ya hati ya shamba mwaka 2019, si 2022.

Na hiyo hati. Naomba mnivumilie hapa kwa sababu hili ni kubwa kuliko zahanati yetu. Vihiga tumebanana. Ukiamka ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Vipande vya ardhi ni vidogo na vingi bado vina jina la babu, wakati mwingine la baba yake babu. Mtu wa majuu anayetaka kujenga kiwanda kidogo cha kukaushia mboga, au hata nyumba za kupangisha pale Luanda, anaambiwa kwanza mfanye kesi ya urithi. Kesi ya mzee wetu ina warithi kumi na wanne. Mmoja yuko Manchester. Kibali chake kilihitaji kutiwa saini mbele ya mwanasheria wa huko mwenye mamlaka, kikaja kwa posta, kikakataliwa kwa sababu jina la kati kwenye pasipoti halikufanana na la kitambulisho, kikarudi. Alilipa pauni, akalipa tena pauni. Mpaka leo kesi haijaisha. Alituandikia akasema kwa pesa alizotumia kuthibitisha kwamba yeye ni mjukuu wa babu yake angenunua ng'ombe wa maziwa wawili.

Nasikia maafisa wenu huenda miji ya ng'ambo na mashine, wakawatengenezea watu pasipoti na vitambulisho mahali walipo. Hilo ni jema, watu wetu wamelisifu. Siku hiyo hiyo, ukumbi huo huo, wekeni meza moja ya mambo ya urithi na ardhi. Mwanasheria mmoja, muhuri mmoja. Mtaona foleni itakavyokuwa.

Niseme pia mlipofanya vizuri, nisije nikaonekana nina uchungu tu. Tangu 2023 mtu aliye nje anaweza kununua hati fungani za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, kwa simu yake, bila kumwomba kaka. Shemeji yangu wa Minneapolis alinunua, na tangu hapo anatuzungumzia habari za riba kama mchungaji. Lakini kiwango cha chini ni shilingi elfu hamsini. Binti wa Jeddah na mia tano zake anaingia wapi? Mwaka 2017 kulikuwa na hati fungani ya M-Akiba, ambayo mtu angeanza na elfu tatu, na nilikuwa na wateja wawili watatu walioniuliza habari zake. Sikuisikia tena. Mkitafuta pesa za wenye elfu hamsini peke yao mtapata pesa, lakini watu hamtawapata, na huyu wa mia tano ndiye mwenye nidhamu kuliko wote. Nina daftari la kuthibitisha.

Njiani nako pesa inaliwa. Kwa wastani wa dunia, kutuma dola mia mbili hugharimu zaidi ya asilimia sita, ilhali nchi ziliahidiana kwenye Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 iwe chini ya asilimia tatu. Na tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inakata asilimia moja kwa anayetuma kwa kulipa taslimu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki, au kwa kadi ya benki ya hukohuko, haikatwi. Jambo hili nililisikia kwa dereva wa lori. Wazee wanaotumiwa kwangu waliona tu zimepungua, wakadhani mtoto ameanza uchoyo. Nina mteja aliyenuna na mwanawe wiki tatu kwa sababu ya asilimia moja ya Washington. Ujumbe mfupi mmoja kutoka idara yenu, kwa Kiswahili, ungewapatanisha.

Sasa kura. Mwaka 2022 Wakenya walioandikishwa kupiga kura nje ya nchi walikuwa 10,443, katika nchi kumi na mbili. Saudi Arabia haikuwamo. Binti wa Jeddah hakupiga kura. Na hao waliopiga walimpigia Rais peke yake. Mtaona ninakoelekea: waliojenga zahanati hawana kura ya gavana anayeajiri muuguzi, wala ya mwakilishi wa wadi anayepitisha bajeti. Ndiyo maana hakuna anayewaogopa. Senegal wametenga viti kumi na vitano bungeni kwa raia wao walio nje. Sidai viti, viti tunavyo vingi na tunavilipia. Lakini kabla ya Agosti 2027 tungeweza angalau kuwa na kituo Riyadh na Jeddah. Katiba ilisema haki hii itakuja hatua kwa hatua, na hatua za tangu 2010 ni fupi mno kwa mtu anayetembea.

Mmoja wa wauguzi wetu alienda kwenye mkutano wa diaspora ulioandaliwa huko aliko. Hoteli nzuri, bendera, pilau. Aliuliza habari za zahanati. Akajibiwa kwamba hilo ni swali zuri sana na achukue nambari ya simu. Alinitumia nambari hiyo. Nimeipiga nikiwa hapa Kibuye, mara saba, asubuhi na jioni. Labda ilikuwa na tarakimu moja iliyokosewa. Mimi nakosea tarakimu mara moja moja pia, ila kwangu mtu akikosewa anarudi akiwa amebeba jiwe.

Kwa hiyo ombi langu si fedha. Naomba mtu. Katika kila kaunti, mtu mmoja mwenye meza, anayejua habari za vikundi kama chetu, ambaye kabla hatujachimba msingi tunamwendea na mchoro na orodha ya wachangaji. Yeye atuambie: ardhi hii haijakaa sawa, anzeni na hati. Au: zahanati iko nyingine kilomita mbili kutoka hapo, jengeni barabara ya kufika kule badala yake. Hata hilo tungelipokea. Tungelalamika Jumapili mbili, kisha tungelipokea. Na akikubali mradi, aandike kwa jina lake na la kaunti kwamba siku ya kufungua kutakuwa na muuguzi, na mshahara wake utatoka fungu gani. Kama meza hiyo ipo tayari mahali fulani, basi itundikeni bango, maana mimi nimetafuta. Na mtu huyo aripoti kwa Katibu wa Nairobi pia, ili siku ya mkutano wa hotelini Katibu awe na daftari lake mwenyewe: mradi huu umefunguliwa, huu umekwama, umekwama kwa afisa gani.

Magavana, mna mpango mpya wa miaka mitano utakaoanza kutayarishwa kabla ya huu wa 2027 kuisha. Vikao vya maoni ya umma viwekeni kimoja usiku, kwenye simu, Jumapili. Sisi tunajua kuendesha mkutano wa mabara manne. Njooni tuwafundishe, hatutozi. Watu waliojadili toroli nne za mchanga kwa saa mbili hawawezi kukosa la kusema kuhusu bajeti ya kaunti.

Na wakati mnaendelea kutafakari, kuna muuguzi mmoja kijijini kwetu, amemaliza chuo, amesajiliwa, hana kazi. Kikundi kimejadili kumlipa wenyewe kwa mwaka mmoja, kila mtu aongeze dola kumi. Wa Minneapolis wamekubali. Dereva wa lori amekataa, na hoja yake ina uzito: tukimlipa sisi, anasema, kaunti itasahau moja kwa moja, na mwaka ukiisha tutakuwa tumejiajiria mtumishi wa umma. Binti wa Jeddah amesema ataongeza mia moja. Hatujapiga kura. Hata tukikubaliana, hatuwezi kufungua bila leseni ya kituo, na leseni inahitaji ukaguzi, na ukaguzi tuliuomba.

Jumapili hii saa tatu usiku nitasoma hesabu kama kawaida. Zilizobaki kwenye akaunti ni shilingi elfu kumi na moja mia nne. Tumelipa mlinzi, tumefyeka nyasi, tumebadilisha kufuli kwa sababu ile ya kwanza ilishika kutu. Nitaulizwa kama kuna jibu, na nitasema nimewaandikia.

Mkituma mtu wa kukagua, asiende moja kwa moja Luanda, atakuta kumefungwa. Apitie kwangu kwanza, mkabala na upande wa wauza mitumba, hapa Kibuye. Nafungua saa moja asubuhi. Jumamosi aje mapema, kuna foleni.

Wenu mtiifu,
Mweka hazina,
Kibuye, Kisumu.